Kujitolea Kabla ya Tarehe Tano

Shirika moja la Uingereza, Charities Aid Foundation, limekuwa likizipanga nchi za dunia kwa ukarimu wa watu wake, na Wakenya tumeipenda sana orodha hiyo. Mwaka 2021 tulikuwa wa pili, 2022 wa pili tena, 2023 wa tatu, na 2024 tukarudi nafasi ya pili nyuma ya Indonesia. Marekani na Uingereza, pamoja na pesa zao zote, zilikuwa nyuma yetu miaka yote minne. Kila ilipotoka, nilitumiwa na karibu kila shangazi niliye naye.

Wahojiwa wa orodha hiyo waliulizwa mambo matatu tu. Mwezi uliopita, ulimsaidia mtu usiyemjua? Ulitoa pesa kwa shirika la kusaidia watu? Ulitoa muda wako kwa kujitolea katika shirika? Majibu yakachanganywa, nchi ikapata alama yake. Sina ugomvi na hesabu hiyo, ila naona yale maswali mawili ya kwanza hayafanani hata kidogo na la tatu, hasa hapa Nairobi. Nalisema hili kwa sababu mimi ndiye ninayepanga zamu za kikundi kidogo kinachowafunza watoto kusoma kila Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa kanisa huku Eastlands. Rejista iko mkononi mwangu, na nimeiangalia kwa muda wa kutosha kujua kwamba ukitaka kubashiri nani atafika, usipime moyo wa mtu. Angalia tarehe.

Kati ya mwisho wa mwezi na tarehe tano, wakati wenye ploti wanapita mlango kwa mlango wakiuliza kodi, wanaoishi kwa vibarua hupotea. Januari ni zamu ya wenye mishahara kupotea: Desemba imekula kila kitu, shule zinafunguliwa, karo inadaiwa, na mwezi wenyewe tumeubatiza Njaanuari. Watu hao hao, mioyo hiyo hiyo. Februari wanarudi wakicheka na kuuliza kama bado tuna chaki.

Halafu kuna upande wa pili wa rejista ambao haumo kwenye rejista. Nyumba zikishika moto Mukuru, hakuna anayeuliza nani ana pesa na nani hana. Gari la zimamoto haliwezi kupita vichochoroni, kwa hivyo wapangaji wenyewe hupanga mstari wa ndoo, vijana hupanda mabati kuyang'oa ili moto usiruke, na kina mama hubeba watoto wa wenzao. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipowafukuza watu kandokando ya Mto Mathare, waliolala makwao waliwapokea ambao hawakuwa na pa kulala, kwenye chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi kilichokuwa na watu tayari. Na mtu akifiwa! Kundi la WhatsApp hufunguliwa kabla hata mwili haujafika mochari. Orodha inaanza, kila mtu anainakili na kuongeza jina lake chini: Mama Fulani 500, Baba Fulani 200, Kinyozi 100, Mtu wa Makaa 50. Nimewahi kuona jina la mtu ambaye nilijua kwa hakika kwamba watoto wake walilala na chai ya mkandaa siku hiyo. Aliandika 100, na akatuma.

Hapo ndipo wanasiasa na maemsii wetu wa harambee hupenda kutukumbusha kwamba kutoa ni moyo, si utajiri. Wana haki, kwa msaada wa aina hiyo. Mzee Kenyatta alipoifanya Harambee kuwa mwito wa taifa mwaka 1963, aliwakuta watu tayari wanalimiana mashamba na kuchimbiana makaburi. Lakini shughuli ya dharura hukukuta ulipo, na saa uliyonayo. Haikuombi uahidi kitu. Kufunza watoto Jumamosi kumi mfululizo kunakuomba ujue leo utakuwa wapi wiki tano zijazo, na hicho ndicho kitu ambacho mtu wa kibarua hana. Ana nguvu, ana huruma, pengine ana muda mwingi kuliko wewe. Hana ratiba, kwa sababu ratiba yake iko kwa mtu mwingine.

Mmoja wa walimu wetu bora kuliko wote ni mama fua. Anafulia watu nguo South B, na ana kipaji ambacho walimu wenye vyeti hawana: huwasomesha watoto maandishi ya pakiti za sabuni, yale madogo ya nyuma, mpaka mtoto anakusomea “weka mbali na macho” kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Watoto humngoja. Shida ni kwamba Jumamosi ndiyo siku yake ya soko. Wateja wake hufanya kazi ofisini wiki nzima. Jumamosi wako nyumbani, nguo zimejaa beseni, na simu inaanza kulia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Akikataa mara mbili, mteja ana namba ya mwingine. Siku moja alinipigia akiwa tayari kwenye matatu.

“Niwie radhi. Nimeitwa, na huyu ndiye hulipa papo hapo.”

“Hakuna shida, mama. Enda.”

Ningemwambia nini?

Fikiria hilo kidogo. Tulichagua Jumamosi kwa sababu Jumamosi watu wako huru. Watu gani? Mwenye kazi ya ofisi, naam. Lakini dada wa saluni hapati kuketi siku hiyo. Muuza mitumba wa Gikomba ndiyo siku anayouza. Na mtu wa mjengo hulipwa Jumamosi. Asiyekuwepo fundi mkuu anapogawa pesa huenda akaambiwa arudi wiki ijayo, na wiki ijayo ni hadithi nyingine. Tangu mwanzo, bila mtu yeyote kukusudia ubaya, ratiba yetu ya kujitolea iliandikwa na mtu mwenye pesilipu.

Wanaohubiri kujitolea husahau pia kwamba saa mbili za bure hazina bei moja. Bwana mmoja mhandisi anayetoka Kilimani kuja kwetu hupoteza saa zake mbili na mafuta kidogo ya gari, na akirudi amepumzika kuliko alivyokuja. Hili amelisema mwenyewe. Mama fua hupoteza malipo ya kufua siku nzima, zaidi ya shilingi 500 kwa mteja mmoja. Nauli yake ni ya kwenda na kurudi, na akipita kwa kibanda kula chapati na ndengu, siku imemgharimu unga wa siku kadhaa. Kwenye rejista wote wawili wana alama moja ya tiki.

Usifikirie, hata hivyo, kwamba nasema wenye pesa ndio hujitolea. Nina mifano ya kunipinga. Mtu anayefika bila kukosa, mvua au jua, ni mwalimu mstaafu ambaye pensheni yake ni ndogo kiasi kwamba huwa anaitaja kwa utani. Ana vyumba viwili vya kupangisha Ruai, ana kuku, basi. Kinyume chake, kijana wetu wa benki anayepata mara nyingi zaidi ya hiyo huwa haonekani miezi mizima. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza makato ya mshahara kupita theluthi mbili, na kijana huyu amefika pale pale kwenye mstari: mkopo wa gari, mkopo wa chama, ushuru, asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, asilimia 2.75 ya bima ya afya. Anaishi kwa theluthi moja na jioni anaendesha teksi ya programu ya simu ili theluthi hiyo ifike mwisho wa mwezi. Ana mshahara mnono kwenye karatasi na hana Jumamosi hata moja.

Kwa hivyo sidhani ni wingi wa pesa. Mwalimu mstaafu anajua kwamba pesa yake, hata iwe kidogo namna gani, itaingia. Anajua kodi ya wale wapangaji wawili itachelewa lakini itafika. Hakuna simu itakayolia asubuhi ikimwambia achague kati ya watoto wetu na chakula chake.

Ufini walilijaribu jambo hili kwa njia yao. Kuanzia Januari 2017 hadi Desemba 2018, serikali iliwapa watu 2,000 wasio na ajira euro 560 kila mwezi, bila masharti, wakipata kazi wasipate. Ajira iliongezeka kidogo tu, jambo lililowavunja moyo waliotarajia makubwa. Lakini waliopokea walikuwa na msongo mdogo wa mawazo kuliko wenzao, na baadhi ya waliohojiwa walisema pesa hiyo iliwapa nafasi ya kujitolea, au kumtunza ndugu mgonjwa. Wengine hawakubadilika chochote, na nawaamini wao pia. Ukimpa mtu uhakika unampa nafasi. Atakachokifanya na nafasi ni chake.

Sisi tuna jaribio letu kubwa zaidi, ingawa hatuliiti hivyo. Mwaka 2006 Kenya ilianzisha mkakati wa afya ya jamii uliotegemea watu wa kujitolea mitaani na vijijini. Kwa miaka mingi waligonga milango bila malipo ya uhakika. Kaunti nyingine zikatoa kitu kidogo, nyingine hazikutoa. Septemba 2023 wakapewa jina jipya, wahamasishaji wa afya ya jamii, au CHP kama kila mtu anavyosema, takriban 100,000 nchi nzima, kila mmoja na begi la vifaa na simu, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi: nusu serikali kuu, nusu kaunti. Kila mmoja anahudumia kama kaya 100.

Nilimfuata mmoja, jirani yangu, asubuhi alipokuwa na zamu Pipeline. Ukiijua Pipeline unajua ninachosema: ghorofa zimebanana mpaka mchana taa zinawashwa, na lifti hakuna. Begi mgongoni, tulipanda hadi juu kabisa. Kwenye mlango wa pili bibi mmoja alitufungulia akasema, “Karibu daktari,” kama wanavyomwita wote, ingawa yeye huwaambia kila siku kwamba si daktari.

“Cucu, jana ulimeza dawa ya presha?”

“Nilimeza nusu, mwanangu. Nusu nyingine nimeiweka ya leo.”

Akaifunga mashine mkononi mwa bibi, akasoma, hakusema namba. Aliandika kwenye simu, kisha akaketi kitandani akaanza kumweleza taratibu kwa nini nusu haifanyi kazi, na bibi akaitikia kwa adabu ya mtu anayejua kwamba shida yake si kuelewa. Tulipotoka, mlango wa tatu, mama mwenye mtoto mchanga hakutaka mtoto apimwe uzito kwanza. “Daktari, huna hata ya unga?” Jirani yangu alitoa shilingi 50 mfukoni.

Kwenye ngazi nilipiga hesabu. Shilingi 5,000 kwa kaya 100 ni shilingi 50 kwa kaya, kwa mwezi. Alikuwa ametoa posho yote ya mwezi mzima kwa ajili ya mlango ule, kwa dakika moja. Alasiri alienda kwenye meza yake ya kuuza sukuma wiki, ambayo ndiyo inayomlisha. Kwa kulinganisha, kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida Nairobi kiliwekwa shilingi 16,113.75 Novemba 2024. Lakini nilipomuuliza kama 5,000 ni kidogo, hakulalamikia udogo. Alichokilalamikia ni kutojua itaingia lini.

“Ikija kila tarehe fulani, hata ikiwa elfu tatu, ningepanga,” alisema. “Ikikaa miezi halafu ije yote pamoja, hiyo inaenda yote kwa deni.”

Kila ninapoeleza mambo haya kwenye mikutano ya vikundi, hakosi mtu wa kusimama na kusema ukianza kulipa watu, moyo unakufa. Siwadharau wanaosema hivyo. Wanajua wanachokizungumzia, kwa sababu Nairobi imejaa watu wanaohama kutoka semina hadi semina kwa sababu ya bahasha ya nauli, wanaweza kukuambia hoteli gani ina chai ya saa nne yenye samosa. Na wana ushahidi wa kitaalamu pia. Mwaka 2000 wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha jaribio walilolifanya Israeli: wanafunzi wa sekondari walitumwa nyumba kwa nyumba kukusanya michango. Kundi moja halikuahidiwa chochote, la pili liliahidiwa malipo ya asilimia 1 ya watakachokusanya, la tatu asilimia 10. Waliokusanya zaidi ni wale wasiolipwa. Waliokusanya kidogo kuliko wote ni wale wa asilimia 1.

Matokeo hayo nayakubali. Mtaani kwetu niliyaona kwa macho. Kabla ya 2020 kulikuwa na vijana waliozibua mtaro wetu mara moja kwa mwezi, bila kuitwa, wakimaliza wanapiga soda. Ikaja Kazi Mtaani, programu ya serikali ya wakati wa korona, wakaajiriwa kwa malipo ya siku kufanya kazi ile ile. Programu ilipoisha, mtaro uliziba na ukabaki umeziba. “Nani analipa?” likawa swali halali, kwa sababu serikali yenyewe ilishaonyesha kwamba kazi ile ina bei. (Siwalaumu. Wakati ule walikuwa hawana kitu kingine, na pesa ile ilinunua chakula.)

Ila angalia tena wanafunzi wa lile jaribio. Walikuwa watoto wa shule wanaoishi kwa wazazi. Walikuwa wamekula. Hakuna aliyeacha kibarua ili kugonga milango ile. Kwa mtu kama huyo, senti kidogo ni matusi kwa nia yake njema, na ni heri usimpe kitu. Kwa mama fua wetu, nauli haimlipi kwa wema wake. Inamwezesha kufika mahali ambapo wema huo unahitajika. Tatizo linaanza pale tunapochukua kiasi cha nauli tukakiita mshahara, au kazi ya mshahara tukaiita kujitolea. CHP anayepanda ngazi zile na begi lile, mwenye ripoti za kujaza na msimamizi wa kumkagua, anafanya kazi. Tumlipe kama mfanyakazi, na tumlipe kwa wakati.

Kuna aina nyingine ya kujitolea jijini hapa ambayo huniudhi waziwazi, nayo ni ile ya vijana waliomaliza chuo. Shirika lina ofisi nzuri Upper Hill au Westlands, linatafuta “mtu wa kujitolea” miezi sita, Jumatatu hadi Ijumaa, aje na tarakilishi yake. Hakuna malipo, ila kuna barua ya mapendekezo. Nani anaweza? Yule anayelala kwa wazazi Lang'ata na kupewa ya matatu kila asubuhi. Mwenzake wa Dandora, pengine mwenye alama bora kuliko zake, hawezi kumaliza hata wiki ya pili. Miezi sita ikiisha nafasi ya kweli inatangazwa, “wenye uzoefu watapewa kipaumbele,” na uzoefu ule ulinunuliwa kwa kodi ya nyumba ambayo mtu mwingine alilipa. Kisha tunashangaa kwa nini mashirika ya kuwasaidia watu wa Dandora yamejaa watu ambao Dandora wameiona kupitia dirisha la gari la shirika. Serikali inakadiria kwamba zaidi ya wafanyakazi wanane kati ya kumi nchini wako katika sekta isiyo rasmi. Hao ndio majirani wa watu wanaohitaji msaada, na mlango huu umefungwa kwao bila hata kibao cha kusema hivyo.

Kwetu ukumbini tumebadilisha mambo machache, na mengine bado tunayabishania. Tumeacha kumtaka mtu aahidi muhula mzima. Kila darasa lina walimu wawili ambao hupeana zamu wenyewe, na mmoja akiitwa kibarua mwenzake anajua Ijumaa usiku. Kikundi cha pili hukutana Jumatatu alasiri, siku ambayo saluni nyingi hazina wateja na mama fua wengi wako nyumbani, na kwa mshangao wa baadhi yetu ndicho chenye mahudhurio bora. Na nauli tunaituma Ijumaa jioni, kabla, si baada. Mtu asiye na nauli ya kuja hawezi kuja kuchukua nauli.

Hilo la nauli ndilo lililotugawanya. Mweka hazina wetu alitaka ipewe wanaoihitaji tu, na kwenye karatasi yuko sawa, mfuko wetu ni mdogo. Nilikataa, na mwalimu mstaafu akaniunga mkono: siku utakayoanza kuuliza mbele za watu nani hana, hao hao wasio nacho ndio watakaonyamaza, na wiki inayofuata hutawaona. Kwa hivyo kila mtu hutumiwa kiasi kimoja kwa M-Pesa, pamoja na ya kutoa, mhandisi wa Kilimani akiwemo. Yeye huirudisha dakika hiyo hiyo kwenye mfuko wa kikundi, na mweka hazina hulalamika kila mara kwamba tunalipia ada ya kutuma pesa ambayo inarudi. Januari inakuja, mfuko hautatosha, na amenitaka nieleze kwa maandishi tutafanyaje. Sijamwandikia bado.